Kumsaidia Mkulima wa Beri Kuuza Nje: Anzia Sokoni, Rudi Shambani

Parachichi lina ganda, embe lina ganda, hata ndizi ina koti lake. Beri haina. Kila kidole kilichoigusa, kila saa iliyokaa juani, kila dawa iliyonyunyizwa siku mbili kabla ya kuchumwa, vyote hufika London au Dubai vikiwa juu ya ngozi ileile ambayo mlaji ataitia kinywani bila kumenya. Kwa hiyo kazi ya kumsaidia mkulima wa beri kuuza nje haianzii kwenye miche. Inaanzia sokoni, inarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mkono wa mchumaji.

Nawaandikia wanaosimama kati ya mkulima na soko: maafisa ugani, makatibu wa vyama vya ushirika, vijana waliosomea kilimo wakarudi nyumbani, na wenye mashamba ya kati wanaokusanya mazao ya majirani. Mifano yangu ni ya Kenya, hasa Timau, Nanyuki na Naivasha. Nitazungumza zaidi kuhusu bluberi. Rasiberi na stroberi nitazitaja pale zinapotofautiana nayo.

Hatua ya 1: Fanya hesabu na mkulima kabla hajakopa

Mama mmoja wa Timau alinijia akiwa na hati ya shamba mkononi. Alitaka kuiweka dhamana benki apande bluberi robo ekari. "Mwanangu," akasema, "nimesikia kilo moja kule Uingereza inalingana na gunia la viazi hapa." Nikamjibu, "Hiyo ni bei ya rafuni, mama. Njoo tuketi." Tukachukua daftari, tukaanza na bei ya rafuni, tukapunguza: fungu la duka kubwa, la mwagizaji, la anayepakia upya vikasha huko, nauli ya ndege, wakala wa forodha, vikasha na makasha, chumba cha baridi, ukaguzi wa vyeti. Kilichobaki chini ya ukurasa ndicho cha mkulima, na ndani yake bado kuna miche, vyungu, makapi ya nazi, mipira ya matone, neti ya ndege na mshahara wa wachumaji. Yule mama alipanda stroberi, akawauzia wenye hoteli za Nanyuki kwa miaka miwili, kisha akajiunga na kikundi. Hati yake ya shamba iko nyumbani kwake.

Hesabu hiyo ifanye na kila mkulima, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu yake. Bluberi huanza kuzaa kidogo katika mwaka wa pili, na mzigo wenye maana huja baadaye. Mtu asiyeweza kuishi miezi hiyo yote bila kipato cha shamba hilo asiingie peke yake. Aanze kwa mashina machache ndani ya kikundi chenye kituo kimoja cha kufungashia na chumba kimoja cha baridi. Mimi sijaona mkulima mdogo aliyefaulu kuuza beri nje akiwa peke yake, na sitamshauri yeyote ajaribu.

Hatua ya 2: Mpate mnunuzi, umwulize wiki

Wanunuzi wa matunda Ulaya hawasemi "mwezi wa sita". Wanasema "wiki ya 24". Jifunze kuhesabu hivyo, kwa sababu bei ya bluberi hufuata wiki. Peru, ambayo mwaka 2010 ilikuwa karibu haina bluberi ya kuuza nje, leo ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote duniani. Mzigo wake mkubwa huingia sokoni kuanzia Septemba hadi Novemba, na Afrika Kusini nayo huwa inavuna wakati huohuo. Masika ya Ulaya ni zamu ya Hispania na Moroko, na kiangazi huko matunda yao wenyewe hujaa. Ukiingiza kilo zako katikati ya mafuriko hayo utauza kwa bei ya kutupa hata kama tunda lako ni zuri kuliko yao.

Heri yetu ni kwamba tuko kwenye ikweta. Hatuna baridi ya kusimamisha mmea, hivyo kwa kupogoa kwa mpango tunaweza kusogeza mavuno. Muulize mnunuzi anakosa tunda wiki gani, halafu ndipo upange mkasi wa kupogolea. Ukipogoa kwanza ndipo utafute soko, utakuwa umeshachelewa.

Wiki zikishajulikana, yako maswali mengine ya kuuliza kwa maandishi. Anataka aina gani ya bluberi, na ukubwa wa milimita ngapi? Wengi hupima kipenyo, na tunda dogo hulipwa kidogo au hukataliwa. Vikasha vya gramu 125 au vya uzito mwingine? Vyeti gani? Kiwango chake cha mabaki ya dawa ni kile cha sheria, au ana chake kikali zaidi? Maduka makubwa kadhaa ya Ulaya huweka masharti yanayopita sheria. Na swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza: ananunua, au anauza kwa niaba yako?

Tofauti yake ni kubwa. Anayenunua hukubali bei kabla mzigo haujaondoka. Anayeuza kwa niaba yako hukwambia bei baada ya kuuza, akishakata gharama zake, na mzigo ukikaa sana sokoni unaweza kuletewa ankara badala ya malipo. Nimeona kikundi kikidaiwa pesa kwa matunda yake chenyewe. Ikiwa hakuna njia nyingine, dai angalau bei ya chini iliyohakikishwa, iandikwe kwenye mkataba na kutiwa saini. Andikeni pia mzigo ni wa nani baada ya kufika wapi. Ukiuza kwa masharti ya FOB Nairobi, yaani kazi yako inaishia mzigo ukipakiwa Nairobi, nauli ya ndege na hatari za njiani ni za mnunuzi. Ukiuza kwa masharti ya kufikisha mlangoni kwake, ni zako mpaka hapo mlangoni.

Wanunuzi hupatikana wapi? Maonyesho ya Fruit Logistica ya Berlin hufanyika kila Februari, Fruit Attraction ya Madrid karibu kila Oktoba, na Gulfood huko Dubai. Kikundi kidogo hakihitaji kukodi kibanda. Mjumbe mmoja aliyevaa nadhifu, mwenye picha za shamba, orodha ya wiki zenu na makadirio ya kilo, anatosha. Kwa wanaoanza napendelea Ghuba. Ndege ya Nairobi hadi Dubai huchukua takriban saa 5, na tunda lililotoka kwenye baridi alfajiri linaweza kuwa kwenye baridi ya mwagizaji kabla ya usiku. Makosa ya mwanzo ni nafuu huko kuliko Ulaya.

Hatua ya 3: Udongo, maji na miche yenye baba

Bluberi hupenda uchachu. Udongo au makapi yawe na pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu huzidi) kati ya 4.5 na 5.5. Mashamba yetu mengi hayana hali hiyo, na ndiyo maana wakulima wengi hupanda kwenye vyungu vilivyojazwa makapi ya nazi. Pima maji kabla ya kupima udongo. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina bikaboneti nyingi, chumvi inayoua uchachu, na maji ya namna hiyo hupandisha pH taratibu hadi majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mkulima ataongeza mbolea, naye mmea utazidi kunyauka, kumbe dawa ni kutia asidi kwenye maji kwa kipimo.

Miche usiikate kwa jirani. Aina nyingi za bluberi zinazotakiwa sokoni zina hakimiliki ya mzalishaji wa mbegu, na Kenya ni mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 1999. Mnunuzi mkubwa atauliza karatasi ya miche, na bila karatasi hiyo tunda halali litaonekana la wizi. Nunua kwenye kitalu chenye leseni ya aina hiyo. Na kama miche inatoka nje, kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kitangulie mche.

Hatua ya 4: Daftari la dawa

Hapa ndipo mizigo mingi hufia, na hufia kimyakimya, maabara.

Katika Umoja wa Ulaya, dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu kwenye zao fulani hupewa kiwango cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo. Ninapowaeleza wakulima nasema hivi: gramu moja ya dawa iliyotawanywa sawasawa kwenye tani 100 za matunda. Lori kumi za tani kumi kumi, na ndani yake gramu moja. Ukivuka hapo, mzigo unaweza kuteketezwa huko kwa gharama yako, na jina la nchi likaingia kwenye taarifa za tahadhari ambazo kila mwagizaji huzisoma.

Wakulima wengi hujikwaa kwa kudhani kwamba dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya Kenya ya kudhibiti viuatilifu, na kuuzwa halali pale agroveti imeruhusiwa pia na soko. Hayo ni mambo mawili. Chukua mfano wa klorpirifosi: Ulaya iliacha kuiidhinisha mwanzoni mwa 2020, na mwaka huohuo kiwango chake kikashushwa hadi kile cha chini kabisa. Chupa iliyobaki stoo tangu zamani, akaichukua kijana wa shamba kwa nia njema ya kuua siafu, inatosha kuharibu msimu wa kikundi kizima.

Basi fanya hivi. Mwombe mnunuzi orodha ya dawa anazozikubali kwenye beri. Ilinganishe na zile zilizosajiliwa na PCPB kwa zao hilo. Zilizopo kwenye orodha zote mbili ziandike kwenye karatasi moja, zisizidi ukurasa, ubandike kwenye mlango wa stoo ya kila mwanachama. Dawa ambayo haimo iondoke stoo siku hiyohiyo, wewe ukiwa umesimama hapo. Usikubali ahadi ya "nitaitoa kesho".

Daftari lenyewe liwe rahisi kiasi kwamba mtu atalijaza akiwa amechoka jioni: tarehe, kitalu (kipande cha shamba) namba ngapi, dawa gani, kipimo, nani alinyunyiza, kwa nini, na siku ya kwanza inayoruhusiwa kuchuma. Hiyo ya mwisho mwandikie wewe mwanzoni mpaka azoee kuhesabu. Muulize na jirani anapanda nini na ananyunyiza nini. Upepo wa mchana huvusha dawa ya viazi kwenye neti ya beri bila kuuliza mpaka, na niliwahi kutatua kesi ya mabaki iliyotokana na pampu ya jirani wala si ya mwanachama. Tangu hapo naomba miti ya kuzuia upepo ipandwe kabla ya mche wa kwanza, na jirani aalikwe kwenye mafunzo yetu.

Wadudu nao wapo. Mkubwa kwa sasa ni nzi mdogo aitwaye Drosophila suzukii, aliyegunduliwa Kaunti ya Nakuru kwenye rasiberi mwaka 2019. Nzi wadogo wa kawaida wa matunda hutaga kwenye tunda lililooza. Huyu ana msumeno mdogo wa kutagia na hutoboa tunda linaloiva vizuri, zima kabisa kwa macho. Funza huonekana tunda likishafika. Kumzuia kunahitaji mikono kuliko dawa: chuma mara kwa mara, usiache tunda liivie kupita kiasi, okota lote lililoanguka, ulifunge kwenye mfuko mzito wa plastiki na kuuacha juani siku kadhaa. Weka na mitego ya siki ya tufaha pembezoni mwa neti. Kikundi chetu huhesabu nzi kila Jumatatu na kuandika idadi. Namba ikipanda kwa mwanachama mmoja, wote wanaambiwa.

Hatua ya 5: Vyeti

Msingi ni kiwango cha Kenya KS 1758, sehemu ya pili, ya matunda na mboga. Juu yake, karibu kila duka la Ulaya litataka GLOBALG.A.P., cheti cha kimataifa cha kilimo bora, na mengi huongeza ukaguzi wa hali ya wafanyakazi kama GRASP.

Wakulima wadogo huweza kupata GLOBALG.A.P. kwa pamoja, kama kikundi. Kikundi kinajiwekea mfumo wake wa ndani na kukagua kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka. Kisha mkaguzi wa nje huchagua idadi isiyopungua kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama. Mkiwa 25 atatembelea angalau 5. Hamjui watano hao ni akina nani, na kosa kubwa la mmoja linaweza kusimamisha cheti cha wote. Kwa hiyo uanachama usiwe zawadi. Nimewahi kumwomba mjomba wa mwenyekiti atoke kikundini kwa sababu hakutaka kujenga choo cha wachumaji. Alinuna mwaka mzima, cheti kikatoka.

Hatua ya 6: Kuchuma

Simama na mchumaji mzuri wa bluberi asubuhi moja umtazame. Mkono wake hauvuti. Huweka kiganja chini ya kichala, dole gumba hupita juu ya tunda kwa mzungusho mdogo, na lile lililoiva huanguka lenyewe kiganjani. Linalong'ang'ania huachwa. Kabla ya hapo ameshaliinua tawi kwa kidole na kuangalia upande wa kikonyo: kama kuna pete nyekundu au ya zambarau, bado, hata kama mbele ni buluu tupu. Kiganjani hashiki zaidi ya matunda machache. Akishika mengi hukwaruza ule ungaunga mweupe wa nta uliofunika tunda. Nta hiyo hulinda tunda lisikauke, na ndiyo dalili ya kwanza anayoitafuta mnunuzi. Bluberi inayong'aa nyeusi ni bluberi iliyoshikwashikwa.

Wachumaji wapya wafundishe kwa matunda halisi wala si kwa bango. Mpe kila mmoja kikasha kimoja, achume, kisha mwageni mezani mtazame pamoja ngapi zina ngozi iliyochanika penye kikonyo. Jeraha hilo ndilo mlango wa kuvu.

Chuma asubuhi, lakini umande uwe umekauka. Tunda lililofungwa likiwa na maji ni ukungu uliopewa tiketi ya ndege. Ndoo ziwe ndogo na zisijazwe. Rasiberi na stroberi zichumwe moja kwa moja ndani ya kikasha kitakachofika dukani, maana kila kuhamishwa ni jeraha. Kivuli kiwe karibu na mistari, na mtu wa kubeba apite kila baada ya nusu saa.

Kuhusu mikono nitasema wazi. Beri hailiwi ikiwa imepikwa, na virusi vya tumbo havionekani. Mwaka 2012 huko Ujerumani watu wapatao 11,000, wengi wao watoto, waliugua kwa stroberi zilizogandishwa zilizokuwa na virusi vya noro, zikitokea China. Choo kiwe umbali mfupi kutoka mistarini, maji yatiririke, sabuni iwepo, na mwenye kuharisha apewe siku ya kupumzika yenye malipo. Usipomlipa atakuja kazini akiwa mgonjwa kwa sababu ana watoto wa kulisha, na huwezi kumlaumu. Kwa sababu hiyohiyo usilipe kwa kilo pekee. Sisi hulipa siku, kisha bonasi kwa vikasha vilivyopita ukaguzi.

Hatua ya 7: Baridi, kwa saa

Tangu tunda lichumwe, saa inatembea. Rasiberi na stroberi ziingie kwenye baridi ndani ya saa moja au karibu na hapo. Bluberi inavumilia saa chache zaidi, lakini usiipime uvumilivu. Lengo ni nyuzi 0 hadi 1 za Selsiasi katikati ya tunda, na unyevu wa hewa wa asilimia 90 hadi 95. Kuliweka tu chumbani hakutoshi. Hewa baridi ipitishwe kwa nguvu kati ya makasha kwa feni, upande mmoja ukifunikwa turubai ili hewa isipate njia ya mkato. Choma tunda la katikati ya rundo kwa kipimajoto cha sindano. Namba ya ukutani ni ya chumba. Ya sindano ndiyo ya tunda.

Likishapoa lisipate joto tena. Ukilitoa kwenye baridi ukaliweka penye hewa ya mchana, litatoa jasho, na jasho hilo litaota ukungu. Lori lipozwe kabla ya kupakia. Mlango wa lori ugusane na mlango wa chumba.

Msimu mmoja tulipeleka rasiberi chache, na mnunuzi akatuma picha za vikasha vilivyoota manyoya ya kijivu. Kila mtu alimgeukia mchumaji. Lakini tulikuwa tumeweka ndani ya kasha kifaa cha kurekodi joto, na mnunuzi akatutumia faili yake. Mstari ulikuwa umelala kwenye nyuzi 2 kutoka kituo chetu hadi langoni mwa uwanja wa ndege. Baada ya hapo ukapanda kama ngazi, 9, 14, 19, ukakaa huko karibu saa nne, kisha ukashuka. Rundo letu lilikuwa limeachwa nje kusubiri kupakiwa. Bila mstari ule, wanawake sita wangefukuzwa kazi kwa kosa ambalo halikuwa lao. Sasa kila shehena hubeba vifaa viwili, kimoja katikati ya rundo na kimoja kwenye kona ya juu, na karatasi ya kupokea mzigo huandikwa saa na dakika, ikatiwa saini na aliyepokea.

Hatua ya 8: Karatasi

Hapa hakuna ujanja zaidi ya kuanza mapema. Msafirishaji anahitaji kusajiliwa kama kampuni au ushirika, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), na leseni ya kuuza mazao ya bustani nje kutoka Kurugenzi ya Mazao ya Bustani iliyo chini ya AFA, mamlaka ya kilimo na chakula, leseni ambayo huhuishwa kila mwaka. Maombi ya shehena hupitia mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, yaani vibali vyote huombwa mtandaoni mahali pamoja, na wakala wa forodha mwenye uzoefu wa mazao mabichi anafaa kila shilingi utakayomlipa.

Cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS baada ya ukaguzi. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unakidai kwa karibu matunda yote mabichi. Yaliyosamehewa ni nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Beri haimo. Kwa ushuru nafuu utahitaji pia cheti cha asili ya bidhaa, EUR.1. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024, na ule wa Uingereza ulianza 2021. Palati za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kwamba mbao zilipitishwa kwenye joto au kutibiwa dhidi ya wadudu. Na kabla ya kutuma chochote, panga ankara, orodha ya upakiaji, cheti cha afya na hati ya ndege mezani, usome jina la mtumaji, idadi ya makasha na uzito kwenye kila moja. Herufi moja ikitofautiana, mzigo utalala.

Kwa wasomaji wa Tanzania, cheti cha afya hutolewa na TPHPA, mamlaka yenu ya afya ya mimea na viuatilifu, na TAHA, chama cha wadau wa kilimo cha bustani kilichoko Arusha, imewashika mkono wakulima wengi wa mazao ya bustani katika njia hii, anzeni huko. Tanzania huingiza bidhaa Ulaya bila ushuru chini ya mpango wa nchi zinazoendelea kidogo zaidi, kwa hiyo karatasi za asili ya bidhaa ni tofauti na za Kenya.

Hatua ya 9: Ndege au meli

Ndege hulipisha uzito au ujazo, chochote kilicho kikubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Kasha la 40 kwa 30 kwa 12 huhesabiwa kilo 2.4. Kama ndani kuna vikasha 12 vya gramu 125, una kilo 1.5 tu za tunda, na unalipia hewa. Punguza kimo cha kasha hadi sentimita 9 na hesabu inashuka hadi kilo 1.8. Sentimita 3 za kadibodi zinaweza kuwa faida yote ya mkulima, kwa hiyo zungumza na mtengeneza makasha kabla ya kuagiza elfu kumi. Hakikisha tu matundu ya hewa yanabaki yakitazamana.

Meli ni nafuu sana, na bluberi ngumu, iliyopoozwa vizuri kwenye kontena la hewa iliyodhibitiwa, inaweza kuvumilia wiki kadhaa. Rasiberi haiwezi. Lakini tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi za Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka. Kikundi kisichoweza kujaza kontena kwa wiki moja kisianze na meli.

Hatua ya 10: Mzigo ukishafika

Kubalianeni kwenye mkataba kwamba malalamiko yoyote yaje ndani ya saa 24 za kupokea, yakiwa na picha, namba ya rundo na joto la tunda. Malalamiko ya siku ya tano yakikubaliwa mara moja, yatakuja kila wiki ambayo bei imeshuka.

Namba ya rundo ikupeleke hadi kwa mchumaji na kitalu. Kila kasha letu lina kibandiko chenye namba ya mkulima, kitalu na tarehe, ili tatizo la mmoja lisilipiwe na wote.

Pesa zikiingia, mkulima apewe karatasi yake siku hiyohiyo: kilo alizoleta, kilo zilizopita, kilo zilizokataliwa na sababu, bei ya mnunuzi, kiwango cha kubadilisha fedha kilichotumika, na kila makato kwa mstari wake. Zilizokataliwa kwa ukubwa au sura ziandikwe ziliuzwa wapi, iwe ni kwa mtengeneza jemu wa Nairobi au kwa hoteli, na kwa shilingi ngapi. Wazee wasiosoma wasomewe, kwa lugha ya nyumbani. Kisha, karatasi zikiwa bado mikononi, leta kalenda ya mnunuzi mpange wiki za msimu ujao na nani atapogoa lini.